Mtae au Kigombe: Mstaafu Ajenge Wapi?

MWALIMU MSTAAFU: Mimi nimeshasema: Mtae. Miaka yote ya kazi tumeishi Dar es Salaam kwenye nyumba za kupanga ambazo ukipiga chafya, jirani wa upande wa pili wa ukuta anakuitikia "afya". Nimechoka na muziki wa baa, nimechoka na honi za bodaboda saa nane za usiku. Mtae iko mwisho kabisa wa milima ya Usambara, ukingoni mwa genge. Unafungua mlango asubuhi, tambarare ya Mkomazi yote iko chini yako, na ng'ambo kule unaiona milima ya Upare. Gari linalofika pale limekuja pale pale, halipiti kwenda kwingine. Utulivu wa namna hiyo ndio ninaoutaka.

MUUGUZI, MKEWE: Baba watoto, siku ya uzima ni jambo zuri hilo la gari kutopita. Siku ya kuugua je? Hospitali ya wilaya iko Lushoto mjini, na kutoka Mtae hadi huko ni saa kadhaa za kona na makorongo. Ikibidi upelekwe Bombo, Tanga mjini, unateremka tena mpaka Mombo ndipo uikamate barabara kuu. Nimefanya kazi wodini, nawajua waliofikishwa wamechelewa. Ndugu zao waliwapenda sana, ila njia ilikuwa ndefu. Kigombe iko kati ya Tanga na Pangani, na njia hiyo yote ni kilomita 50 hivi. Ukianguka alfajiri, jua halijawa kali uko mikononi mwa daktari.

MWALIMU: Na ukilala bila chandarua, wiki ya pili uko mikononi mwa malaria. Ni wewe uliyenieleza kwamba mbu yule hapendi baridi, ndiyo maana watu wa milimani hawasumbuki kama watu wa pwani.

MUUGUZI: Malaria ina kipimo, ina dawa, ina chandarua. Kiharusi hakina chandarua. Una presha, na dawa unameza ukikumbushwa.

MJOMBA WA MTAE: Mpwa wangu, na wewe mke wa mpwa wangu, ngojeni kidogo. Mnaisema Mtae kana kwamba hakuna watu wanaozeekea kule. Tupo. Basi linaondoka kabla ya alfajiri, giza bado, matenga ya nyanya na magunia ya viazi yako juu ya keria, na kama kuna mgonjwa anawekwa kiti cha mbele, hakuna anayelalamika. Usiku wa manane akizidiwa mtu tunagongeana milango. Vijana wanabeba. Hatujifanyi kwamba njia ni fupi. Lakini, mke wa mpwa wangu, ukiwa Dar es Salaam nani alikuja kukugongea mlango usiku?

MUUGUZI: Mjomba, hilo nalikubali. Ila huko mtu anabebwa na vijana, na vijana wenyewe wanateremka. Nimewaona Dar wakiuza matunda barabarani. Ukiwauliza kwao wapi, wanasema Lushoto.

MJOMBA WA MTAE: Wanateremka, ndiyo. Mashamba yamegawanywa mpaka yamekuwa matuta. Baba mwenye eka mbili na watoto sita atampa nani nini? Kwa hiyo niseme na hili, ingawa linanichoma: mkija na kiinua mgongo chenu, mkanunua kipande cha mtu aliyebanwa na ada ya shule, kijana mmoja zaidi atateremka. Sisemi msije. Nasema mjue.

MVUVI WA KIGOMBE: Mzee wangu, hayo yako na kwetu. Kwenu ardhi imekwisha kwa kugawana, kwetu ilikwisha kwa kuchukuliwa. Mkonge uliingia nchi hii mwaka 1893, ukaanzia Kikogwe, ng'ambo ya mto Pangani. Tangu hapo mashamba makubwa yametubana kwa upande wa bara, na upande wa pili ni bahari. Kijiji kiko hapo katikati.

BINTI: Samahanini wazee wangu. Mimi naishi Dar, nina watoto wawili, na nikisikiliza naona wote mnaacha swali langu. Baba, mama, nani atakuja kuwaona? Mtae kutoka Dar ni safari ya siku nzima, na siku ya pili ya kupumzika. Kigombe afadhali. Lakini kwa nini kijijini? Tangeni chumba na sebule Tanga mjini, pametulia kuliko Dar, hospitali ipo, soko lipo, sisi tunafika kwa basi moja. Nyumba ya kijijini huwa inajengwa kwa mbwembwe, na wenyewe wakishatangulia inabaki popo na utando wa buibui.

MWALIMU: Mwanangu, mji mdogo ni Dar inayokua. Nimekaa kwenye mitaa mitatu iliyokuwa imetulia nilipohamia. Wa mwisho ulikuwa na miembe. Uende leo uone.

BINTI: Na Kigombe haitakua? Barabara ya lami ya Tanga hadi Pangani inajengwa, na daraja la mto Pangani linajengwa, ili njia iendelee Saadani hadi Bagamoyo. Ikikamilika yote, mtu wa Dar anayetaka kwenda Tanga kwa njia ya pwani atapita mlangoni kwenu. Mama, utulivu unaoufuata Kigombe umeshapangiwa siku ya kuondoka.

MUUGUZI: Lami hiyo hiyo ndiyo itakayoleta gari la wagonjwa. Siwezi kuikataa barabara kwa sababu ya kelele, halafu niitamani kwa sababu ya daktari.

MVUVI WA KIGOMBE: Sista, mimi naomba niwaeleze kuhusu utulivu, maana wageni wanaupenda sana na hawajui ulivyopatikana. Kuna miaka mwambao huu wote wa Tanga ulikuwa unalia baruti. Umekaa barazani unakunywa kahawa, unasikia *dum* baharini, unajua kuna tumbawe limekufa na kesho samaki watapungua. Upepo uko kimya, mawimbi kimya, na sisi roho juu. Baruti ilipodhibitiwa ndipo tukapumua. Kwa hiyo mimi mtu akiniambia kijiji chenu kimetulia, nasema asante, ila nakumbuka.

MWALIMU: Na ile hifadhi ya bahari? Nimesikia inawabana.

MVUVI WA KIGOMBE: Inabana na inalinda. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 majarife yetu yalianza kunasa samaki mkubwa mwenye magamba magumu na mapezi mithili ya miguu. Wataalamu wakaja mbio. Kumbe ni silikanti, samaki ambaye mpaka mwaka 1938 walidhani alikwisha duniani mamilioni ya miaka iliyopita. Mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, na sisi tumo ndani yake. Kuna nyavu hatutumii, kuna mahali hatutegi. Mvuvi mwenye mtumbwi mdogo na watoto watano, masharti hayo anayasikia tumboni. Nawaambia ili mjue kwamba mahali mnapoona pazuri, uzuri huo kuna mtu anaulipia.

MUUGUZI: Kaka, na maji? Nataka ukweli.

MVUVI WA KIGOMBE: Kisima ukichimba karibu na pwani kinatoa maji ya chumvichumvi. Ya kufulia sabuni haitoi povu. Ya kunywa tunachota mbali zaidi au tunanunua. Na bati, sista. Upepo wa bahari unalila. Misumari inatoa kutu, unafika msimu wa mvua unatafuta ndoo za kukinga. Mwenye nyumba pwani anapaka rangi kila mara.

MWALIMU: Umesikia?

MUUGUZI: Nimesikia, na nimefurahi kwamba amesema. Mjomba naye atuambie mwezi wa saba kunakuwaje kule.

MJOMBA WA MTAE: Mwezi wa saba ukungu unaingia ndani ya nyumba. Siyo maneno. Unafungua mlango, unakuja mweupe, unapita mezani. Blanketi halikauki, nguo za watoto zinakaa kwenye kamba siku tatu. Mwenye magoti mabovu analala karibu na jiko. Na kule hakuna mahali tambarare: kwenda dukani ni kupanda, kurudi ni kushuka, kwenda kanisani au msikitini ni kupanda tena. Lakini maji yetu ni ya chemchemi, na miti ya matunda, mapeasi na mafyulisi, inazaa bila kubembelezwa. Mboga hununui, unaomba kwa jirani, wiki ijayo naye anaomba kwako.

MUUGUZI: Magoti mabovu ni yangu, Mjomba.

MWALIMU: Nitakujengea jiko zuri la kuni. Chumba chenye joto.

MUUGUZI: Kuni ataleta nani? Na tukishafika hapo nilisemee lote. Wanaume mkistaafu mnatafuta mahali pa kukaa. Mwanamke akistaafu anaulizwa atapika nini mahali hapo. Wewe utakaa kibarazani unaangalia Mkomazi. Mimi nitakuwa napanda na kushuka na ndoo, na ukungu ukija nitakuwa naanika na kuanua. Nimehudumia watu maisha yangu yote. Siogopi kazi, naomba tu kazi iwekwe mezani wakati wa kuchagua, isije ikajitokeza baada ya paa kupandishwa.

MWALIMU: Sijawahi kukufanya mtumishi.

MUUGUZI: Sijasema umenifanya. Nasema mlima utanifanya.

BINTI: Baba, mama ana haki hapo.

MWALIMU: Anayo. Lakini naye aniambie: pwani nitakuwa nani? Mtae mama yangu alizaliwa pale. Nikipita, wazee wananiuliza mimi mtoto wa nani, nikitaja jina wanatikisa kichwa, wananikaribisha. Kigombe nitakuwa yule mwalimu kutoka Dar mpaka siku nazikwa. Na sisi ni Wakristo, wenzetu kule wengi ni Waislamu. Tutazikwa na nani?

MVUVI WA KIGOMBE: Mwalimu, hilo usilihofie. Pwani jeneza likipita, aliyekaa anasimama, na kaburi tunachimba wote. Dua kila mtu anaomba kwa njia yake. Unachotakiwa kuhofia ni kama uliwahi kuja kwenye mazishi yetu wakati wewe ni mzima.

MJOMBA WA MTAE: Na mimi niseme ukweli kuhusu undugu, mpwa wangu, usije ukaujengea nyumba. Mama yako alikuwa dada yetu, na wewe ni wetu. Tutakula pamoja, tutazikana. Lakini ardhi kwetu inakwenda kwa baba. Ujombani unapewa kuku, unapewa sehemu ya kulala, hupewi shamba. Utanunua kama mgeni mwingine, na utakayenunua kwake ana kaka, ana shangazi, ana mdogo wake yuko Korogwe ambaye hajaulizwa.

MWALIMU: Tutaandikishana mbele ya mwenyekiti.

AFISA ARDHI: Hapo niingie, maana nimekaa kimya makusudi. Mwalimu, mwenyekiti peke yake hatoshi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999, anayesimamia ardhi ya kijiji ni halmashauri ya kijiji, na hata hiyo halmashauri haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote wa pale, kuanzia miaka 18. Mgeni anaomba, anaeleza kwamba anakuja kuishi, na wanakijiji wanajadili. Kile kikaratasi cha mashahidi wawili na muhuri, kinachoandikwa jioni kwenye meza ya mgahawa, kimewaliza wastaafu wengi. Wanakuja ofisini na bahasha ya kaki, ndani kuna nakala ya kitambulisho cha muuzaji na sahihi ya mwenyekiti aliyeshaondoka madarakani. Unawatazama, huna la kuwaambia.

MUUGUZI: Na Kigombe ni hivyo hivyo?

AFISA ARDHI: Hivyo hivyo, na mengine juu yake. Kwanza, hakikisheni kipande ni cha kijiji, siyo cha shamba la mkonge. Ardhi ya shamba lenye hati huwezi kugawiwa na kijiji hata kama imeota vichaka na watu wanalima humo. Pili, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ufukweni. Kile kiwanja chenye minazi miwili na mawimbi mbele, ambacho dalali atawaonyesha kwanza, huenda ndicho msichoruhusiwa kujenga. Tatu, barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inaweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kama ile ya Tanga hadi Pangani. Ukitoa ufukwe, ukitoa barabara, ukitoa mkonge, kinachobaki ni kidogo, na wenyeji wanakihitaji.

MWALIMU: Mtae hakuna mita 60 wala mkonge.

AFISA ARDHI: Mtae kuna mteremko. Usambara ukikata udongo vibaya, mvua ya masika inaukamilisha. Kila mwaka wa mvua kubwa mnasikia mawe yameziba barabara ya Mombo kwenda Lushoto. Wazungu wa serikali ya mkoloni walipambana na mmomonyoko huo katika bonde la Mlalo tangu mwaka 1946, wakalazimisha watu kulima matuta yao, wakakataliwa vikali.

MJOMBA WA MTAE: Walikataliwa kwa sababu waliamuru. Kazi ilikuwa nzito, ilikuwa ya wanawake zaidi, na shamba lenyewe lilikuwa dogo. Mtu anayeujua mteremko ni yule aliyezaliwa juu yake. Mpwa wangu akitaka kujenga, aniulize wapi maji hupita. Asije na ramani ya Dar.

BINTI: Naona kila kijiji kina ubaya wake na mwenyeji anausema mwenyewe. Basi hesabu. Baba, mkupuo wa mafao ni asilimia 40, kinachobaki kinakuja kidogo kidogo kila mwezi. Fedha ya kujenga ni mara moja tu. Mfuko wa saruji ukipandishwa Mtae unaongezeka bei kila kona ya mlima. Ukikosea, hakuna mkupuo wa pili. Na mimi nina ada za watoto wawili, siwezi kuwa mkupuo huo.

MWALIMU: Sijakuomba.

BINTI: Hujaniomba, baba. Ila utakapokwama sitaweza kukaa kimya, na wewe unalijua hilo. Ndiyo maana nauliza sasa.

MVUVI WA KIGOMBE: Mimi nina swali kwa mwalimu na sista, nalo ndilo lililonitoa nyumbani. Mkija kwetu, mtajenga ukuta?

MWALIMU: Ukuta wa kawaida. Usalama.

MVUVI WA KIGOMBE: Kuna njia za miguu kutoka majumbani kwenda mitumbwini. Hazimo kwenye ramani. Mama anapita na beseni kichwani kwenda kusubiri samaki, mtoto anapita na kasia la baba yake. Mgeni mmoja ananunua, anazungusha ukuta, njia inakufa. Wa pili anazungusha. Siku moja mvuvi anazunguka nusu saa kwenda baharini alikozaliwa kando yake. Mmeuliza maji, mmeuliza hospitali, mmeuliza mazishi. Hamjatuuliza tunapita wapi.

MUUGUZI: Ukuta hatutajenga.

MWALIMU: Usinijibie. Mimi sijawahi kulala nyumba isiyo na ukuta tangu tumehamia mjini.

MUUGUZI: Basi hutafuti kijiji, unatafuta mji usio na watu. Kijiji kina watu wanaopita uani kwako, wanaokuomba chumvi, wanaojua umekula nini.

MWALIMU: Na hilo ndilo unalolitaka wewe?

MUUGUZI: Ndilo. Naogopa kimya kuliko kelele. Nimewahudumia wazee waliokaa kwenye nyumba nzuri, bustani nzuri, na hakuna aliyejua wameanguka mpaka siku ya pili. Nataka mahali nikichelewa kufungua dirisha, mtu aite hodi.

MJOMBA WA MTAE: Mtae wataita.

MVUVI WA KIGOMBE: Na Kigombe wataita.

MWALIMU: Kama wote wataita, kwa nini tusiende kwenye hewa nzuri na ndugu?

MUUGUZI: Kwa sababu wewe una miaka 61, mimi 56, na wanaume wa ukoo wako wanatangulia mapema. Sisemi kwa kukutakia. Ukitangulia, mimi nitabaki wapi? Mtae nitabaki mjane wa mpwa, kwenye kiwanja chenye jina la marehemu, katikati ya ukoo usio wangu. Mjomba ni mtu mwema. Watoto wa Mjomba siwajui.

MJOMBA WA MTAE: Hilo siwezi kulikanusha. Nimeyaona.

MVUVI WA KIGOMBE: Hata kwetu yapo, sista. Asikudanganye mtu kwamba pwani mjane hasumbuliwi.

AFISA ARDHI: Hatimiliki ya kimila inaweza kuandikwa kwa majina ya mume na mke kwa pamoja. Sheria inaruhusu, na fomu inayo nafasi. Wengi hawaijazi, wanasema ni mambo ya ndani ya nyumba. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria hukaa walau mara moja kila miezi mitatu. Nendeni mkakae kwenye mkutano wa Mtae, nendeni mkakae na wa Kigombe, mbele za watu, kabla hamjatoa hata shilingi ya udalali. Mtasikia wanavyogombania maji, ng'ombe na michango ya shule. Nao watawasikia ninyi.

MWALIMU: Nitakwenda Kigombe kwanza. Lakini Mtae sijaifuta.

MUUGUZI: Na mimi sijaifuta. Nitapanda, nitakaa mwezi wa saba wote na magoti yangu, nione. Ila popote tutakapoangukia, mlimani au pwani, majina mawili kwenye hati. Jina likiwa moja, mimi sihami Dar.